Terasi ya Nne

Mvua kubwa ya El Niño ilipokoma, mwezi wa pili mwaka wa tisini na nane, kila mtu huko Mwala alishuka shambani kuona amebakiwa na nini. Titus alishuka kama wengine, na alichokiona hakikumshangaza. Shamba la kwao lilikuwa na terasi nne, moja juu ya nyingine, kuanzia nyumbani hadi kwenye mto wa mchanga. Tatu za juu zilikuwa zimesimama bila hata ufa. Ya nne ilikuwa imepasuka, na maji yalipita hapo yakabeba mahindi ya upande mzima yakayatupa mtoni.

Ilipasuka pale pale ilipopasuka mwaka wa tisini na tano, na tena mwaka wa tisini na sita. Kila mara Titus aliziba kwa mawe na matawi ya miiba, akarudi juu haraka bila kutazama nyuma.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa Titus lilikuwa aibu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima terasi. Alikuwa na kamba ya hatua kumi, vijiti viwili vyenye urefu sawa, na pima maji ndogo ya kuning'iniza katikati ya kamba. Mtu mmoja anashika kijiti huku, mwingine kule, Titus anatazama kile kipovu cha hewa ndani ya kioo. Kikisimama katikati anapiga mambo, vile vigingi vidogo vya mti, mnasogea mbele. Mnafuata mambo hizo mkichimba mtaro, na udongo mnautupa upande wa juu uwe ukingo. Ukingo ukiwa sawa, maji yanalala hapo yanyonywe na shamba. Ukibonyea mahali pamoja hata kwa kidole, maji yote yatapatafuta hapo, na yakipapata yameshinda.

Alikuwa amewapimia watu kuanzia Mwala mpaka karibu na Masinga. Shamba la nyumbani hakuwahi kulipima. Kavutha, aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha akina mama kinachochimbia watu terasi kwa zamu, alikuwa akimtania mbele ya watu.

"Wewe Titus ni kama kinyozi mwenye nywele za kufagia barabara."

Watu walicheka na Titus alicheka. Kisha aliondoka.

Terasi tatu za juu zilichimbwa na baba yao, Muema, enzi za ujana wake, na zilikuwa sawa kama maji ndani ya karai. Ya nne ilichimbwa na Mbithi, ndugu mkubwa wa Titus, mwezi wa tisa mwaka wa tisini na moja. Aliichimba peke yake, kwa siku mbili, bila kuita mtu na bila kupima. Mwezi huo huo ndio baba yao alipotea.

Mwanamume kupotea si jambo geni huko. Anaenda Mombasa kutafuta kazi, anapata mwanamke, anasahau njia. Watu wanasema amepotea, na baada ya mwaka mmoja hawasemi kitu. Mama yao, Nduku, alisema Muema aliamka asubuhi akavaa koti lake la kijivu akafuata barabara ya Machakos. Hakuna aliyemuuliza mara mbili.

Wakati huo Titus alikuwa Athi River, kwenye kiwanda cha saruji. Alipokuja Krismasi aliona terasi mpya na jicho lake likakwama mahali pamoja. Ukingo ulikwenda vizuri, kisha ukapinda kidogo kuelekea juu kama kiwiko, kisha ukarudi. Urefu wa kile kipinde ulikuwa hatua mbili na kidogo. Alitaka kumuuliza Mbithi kwa nini amepindisha. Hakuuliza. Kiwanda kilipopunguza watu mwaka wa tisini na tano alirudi nyumbani na mkewe Mwongeli, na kwa miaka mitatu alikuwa akizunguka kwa njia ya ng'ombe ili asipite pale. Mvua ikinyesha jioni, maji yalipofika kwenye ile terasi yalitoa sauti ya kukoroma, yakanyamaza, yakakoroma tena. Mwongeli alisema ni vyura. Titus alikuwa amelala chumba kimoja na baba yake utoto wake wote, na alijua ile sauti si ya vyura.

Sasa zamu yao ilikuwa imefika. Mwethya ilikuwa inakuja Alhamisi, watu kumi na wanne, na bila terasi ile kujengwa upya, mvua ya mwezi wa tatu ingemaliza shamba lililobaki.

Jumanne Titus alishuka na vijiti vyake. Alisimika kimoja upande huu wa pale palipopasuka na kingine upande wa pili, akaning'iniza pima maji. Kipovu kilikimbia mpaka mwisho wa kioo kikakaa huko. Alisikia miguu nyuma yake.

"Unafanya nini hapo?" mama yake aliuliza.

"Napima, mwaitu. Akina mama wanakuja Alhamisi."

"Waambie watengeneze hizo za juu."

"Za juu hazina shida."

"Basi waende kwao wapumzike. Hata wao wamechoka na mvua."

"Mwaitu, nusu ya shamba iko mtoni. Hapa pakibaki wazi mwaka huu tutakula nini, mchanga?"

Nduku alikuwa na miaka sitini na nne, mkono wake wa kushoto umepinda juu kidogo ya kifundo, kwa sababu uliwahi kuvunjika na haukuungwa vizuri. Aliketi polepole kwenye ukingo, akanyoosha miguu.

"Hicho kipovu chako kinasema nini?"

"Kinasema hapa pamebonyea."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

Titus alimwonyesha kwa kijiti. Kutoka hapa, mpaka pale.

"Baba yako alikuwa mrefu," Nduku alisema.

Upepo ulikuwa unapita kwenye mabua ya mahindi yaliyolala. Titus alikunja kamba yake mkononi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikaisha.

"Usijifanye umeshtuka," mama yake alisema. "Umejua tangu ile Krismasi. Nilikuona ukisimama hapa. Nikasema huyu ataniuliza leo. Hukuuliza. Nikasema ataniuliza kesho. Miaka sita."

"Ni Mbithi?"

"Ni mimi. Nilikuwa natwanga mahindi ya muthokoi. Akaja kutoka sokoni amekunywa, akanivunja huu mkono kwa mpini wa jembe. Akageuka kuchukua panga. Nikampiga na mchi hapa." Aligusa nyuma ya sikio. "Mara moja tu, kwa mkono mmoja. Akaanguka. Mbithi akaja mbio, akaniambia amekufa, nikamsaidia kumweka kwenye wilibaro kwa huu mkono mzima, kisha akaniambia nikae jikoni nisitoke. Mimi nikakaa."

Titus alikuwa bado anashika kamba.

"Barua nilikutumia mbili," mama yake alisema. "Nikikuambia uje, huyu mtu ataniua. Ulizipata?"

Angeweza kusema hapana. "Nilizipata."

"Mimi nililaumu posta." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya, na hicho ndicho kilichomuumiza Titus. "Basi, mchimbeni. Sitaki kumsikia tena mvua ikinyesha. Ninyi mnadhani ni vyura. Jela watanipa uji, na shamba lipone."

Mbithi alifika Jumatano adhuhuri, habari za mwethya zikiwa zimemfikia. Alikuwa anakaa Mumbuni, fundi wa mawe mwenye mikono ya kuvunja nazi, na kanisani kwao alikuwa shemasi. Hakuingia hata nyumbani. Alimkuta Titus kwenye terasi ya nne akapiga magoti kama mtu anayekagua msingi.

"Nitaleta saruji mifuko sita," alisema. "Tunajenga tangi hapa. Tangi la maji. Kila mtu atafurahi."

"Tangi chini ya shamba? Maji yapande mlima?"

"Wewe na vijiti vyako. Kwani lazima kila kitu kiwe sawa?"

"Mwaitu ameshasema tuchimbe. Atajipeleka mwenyewe kwa naibu wa chifu."

"Mwaitu hajui anachosema."

"Anajua. Ameniambia yote."

"Hakukuambia yote, kwa sababu yote hana." Mbithi alisimama, akaangalia nyumbani, akaangalia mtoni. Hakukuwa na mtu. Alianza kuongea akitazama viatu vyake. "Mtu akichimba shimo usiku, watu watauliza. Akichimba terasi mchana wanampungia mkono, wanamwambia kazi njema. Kwa hivyo nilichimba mchana. Nilimleta na wilibaro, nimemfunika kwa mbolea. Nikamlaza chali, vizuri, mikono kando. Nikaanza kuweka udongo kutoka miguuni. Nilipofika usoni ule udongo ulisogea."

Titus aliutazama udongo chini ya miguu yake.

"Hapa mdomoni. Uliinuka ukashuka. Nikasimama. Ukainuka tena."

"Mbithi."

"Ngoja. Unataka kipimo, nakupa kipimo. Nilikuwa na jembe mkononi. Nikafikiri, nikimtoa, akipona, wiki ijayo nitamzika mama hapa hapa. Nikaweka udongo haraka. Nikaweka mpaka mgongo ukaniuma. Alikuwa anajigeuza huko chini, niliona udongo ukipasuka. Nikaukanyaga kwa miguu." Alifuta uso kwa kiganja. "Ndiyo maana umebonyea. Udongo wake haukukaa vizuri. Kesho mkifungua, hamtamkuta chali. Na mama alinisaidia kumweka kwenye wilibaro. Anajua nilisema amekufa. Ataona."

"Na umemwacha miaka yote hii afikiri ni yeye."

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?" Mbithi aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini sana. "Lakini hukuwa hapa, ndugu yangu. Wewe hukuwa hapa."

Alipanda akaenda kukaa chini ya paa la ghala. Hakurudi Mumbuni siku hiyo. Chakula alicholetewa na Mwongeli hakukigusa.

Titus alibaki na hilo neno siku nzima. Mama yake angeenda jela kwa kifo ambacho hakukimaliza. Angefia huko akiamini mkono wake ndio uliomuua mumewe. Titus angeweza kumwondolea mzigo huo kwa maneno matatu, na kwa maneno hayo hayo angemwondolea mwana wake wa kwanza, yule yule ambaye jina lake ndilo watu walilomwitia mama yake: Mama Mbithi huku, Mama Mbithi kule. Aliyapindua kichwani kwa kila upande na hayakukaa sawa upande wowote.

Asubuhi ya Alhamisi alimkuta jikoni. Nduku alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa, ya buluu, na viatu vya kufunga. Sweta alikuwa ameikunja ndani ya kiondo pamoja na sabuni.

"Mwaitu, kuna jambo Mbithi aliniambia."

"Usiniletee ya Mbithi."

"Ni muhimu uyajue kabla hatujafungua."

Alifunga kiondo chake kwanza. "Titus, siku ile nilihitaji mtu. Mtu mmoja alikuja, na si wewe. Basi usiniambie kitu kibaya juu yake. Sina nafasi ya kukiweka."

Wakashuka.

Akina mama walikuja na majembe begani wakiimba, kama kawaida yao, Kavutha mbele akianzisha na wengine wakiitikia. Titus alikuwa amepiga mambo zake tangu alfajiri. Alikuwa amezipiga mahali zilipotakiwa kuwa, na mstari ulipita juu ya kile kipinde moja kwa moja. Nduku alisimama mbele yao na kiondo chake mkononi, na wimbo ukafa wenyewe.

"Akina mama," alisema, "hapo mtamkuta mume wangu. Aliyemuua ni mimi. Naomba mchimbe polepole."

Mama mmoja kijana aliweka mkono mdomoni. Kavutha aliteremsha jembe lake, akalisimamisha, akaliegemea.

"Mama Mbithi, sisi wengine tumekuwa tukijua," alisema. "Mtu gani anaenda Mombasa anaacha kofia yake? Haya, tuanze kabla jua halijakuwa kali."

Walichimba bila wimbo. Titus alikuwa amesikia mwethya ikichimba maisha yake yote, na hakuwahi kusikia majembe kumi na manne peke yake. Mbithi alikuwa juu, kando ya ua wa minyaa, amesimama na mikono mifukoni. Hakushuka. Titus alimtazama mara mbili, akimpa nafasi. Mbithi hakufungua mdomo.

Udongo wa pale ulikuwa laini na ulikuja rahisi. Kabla ya saa nne jembe la Kavutha lilivuta kipande cha kitambaa cha kijivu. Aliwaambia wengine wasimame, akaendelea kwa mikono, na Titus akashuka kumsaidia. Waliondoa udongo kutoka mgongoni. Ndiyo, mgongoni. Muema alikuwa amelala kifudifudi ndani ya koti lake, magoti yamevutwa chini ya tumbo, kama mtu anayejaribu kuinuka na mzigo. Mikono yote miwili ilikuwa mbele ya fuvu. Mifupa ya vidole ilikuwa imeingia ndani ya udongo mgumu wa ukuta wa mtaro, ule ambao haukuwahi kuchimbwa.

Kavutha alivuta pumzi akaishikilia. Yeye alikuwa amezika watu wengi. Alijua maiti halali hivyo.

Titus aliinua uso. Mama yake alikuwa amesimama ukingoni juu yao na alikuwa anatazama ile mikono. Alitazama kwa muda mrefu sana. Titus aliona mawazo yake yalipofika. Aliona kwa sababu mkono wake mzima ulipanda polepole ukashika nyuma ya sikio, pale alipompiga mumewe, ukapapasa pale kama unapima ukubwa wa kitu, ukashuka. Kisha Nduku aligeuza kichwa akaangalia juu kwenye ua wa minyaa. Mbithi alikuwa amechuchumaa, amejifunika kichwa kwa mikono.

Titus alifungua kinywa. Sasa hapakuwa na la kumficha, sasa angeweza kusema, mwaitu si wewe, weka kiondo chini.

Nduku alikuwa anavua viatu. Aliviweka vizuri kando ya kiondo, kimoja karibu na kingine, akaketi ukingoni akashuka mtaroni na nguo yake ya kanisa.

"Nipeni leso," alisema.

Kavutha alifungua yake kiunoni akampa. Nduku aliitandika. Alianza na mikono. Alitoa vidole kwenye udongo kimoja kimoja, bila haraka, kama anavyotoa mawe kwenye maharagwe. Kisha akachukua fuvu kwa viganja viwili, akalifuta uso kwa ncha ya leso, akaligeuza likatazama juu. Titus alitaka kumsaidia na koti, Nduku akamsukuma kwa kiwiko. Alimgeuza mumewe peke yake, pande kwa pande, akanyoosha miguu, akalaza mikono kando. Kazi ile ilichukua muda. Wanawake kumi na wanne walisimama wakiegemea majembe. Wakati mmoja alimwinamia akamwambia neno la Kikamba, fupi, na Titus aliyekuwa karibu naye kuliko wote hakulisikia.

Alipomaliza alisimama. Udongo ulikuwa umepanda hadi mapajani.

"Mlimkuta hivi," alisema.

Akamgeukia Kavutha.

"Mama Mwelu. Mlimkuta hivi?"

Kavutha, ambaye binti yake mkubwa aliitwa Mwelu, alimtazama yule mwanamke waliyechimba naye terasi za watu kwa miaka ishirini.

"Tulimkuta hivyo," alisema.

"Na ninyi?"

Walijibu mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa sauti yake, hata yule mama kijana. Ndipo Nduku akasema sasa mtu mmoja akimbie kwa naibu wa chifu.

Polisi walikuja na Land Rover kutoka Machakos baada ya saa nane. Nduku aliwaeleza kila kitu, kuanzia muthokoi hadi wilibaro. Alisema alichimba mwenyewe. Askari mmoja aliangalia ule mkono uliopinda, akaangalia urefu wa terasi, akaandika. Nduku alipokuwa anapandishwa gari, Mbithi alikuja mbio akanyoosha mkono amsaidie. Mama yake hakuushika. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nenda kaoge," alimwambia. "Una udongo."

Mbithi hakuwa amegusa udongo siku hiyo. Mikono yake ilikuwa safi. Alisimama barabarani akiangalia viganja vyake hadi gari lilipopotea.

Kesho yake ndugu hao wawili waliitwa kituoni kutoa maelezo. Walikaa kwenye benchi moja, kila mtu mwisho wake, na nafasi katikati ya kukaa mtu wa tatu. Titus aliingia kwanza. Askari alimuuliza jina, kazi, mwaka wa kuzaliwa. Alimuuliza kama alipata kujua kabla ya wiki hiyo. Titus alisema hapana, na hilo lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani.

"Marehemu mlimkuta amelala vipi?"

Mlango ulikuwa wazi. Aliweza kuona bega la Mbithi.

"Chali," Titus alisema.

"Mikono?"

"Kando."

Askari aliandika hilo pia, akageuza karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Titus aliandika jina lake lote. Kisha askari akapaza sauti kuelekea mlangoni, akamwita wa pili aingie.